SOMO LA AFYA NA MAKAAZI: KARO LA NYUMBA, UTUNZAJI WAKE NA UKAGUZI WAKE KABLA YA KUUZIANA

Wananchi wa Unguja na Pemba wana mafungamano ya muda mrefu na Dar es Salaam. Wapo wanaofanya biashara Kariakoo, wapo waliohamia huko kwa kazi, na wapo waliopeleka watoto wao vyuoni. Aghlabu mwenye uwezo huona ni bora anunue nyumba kuliko kupanga, na nyumba hiyo huitafuta nje kidogo ya kitovu cha mji: Magomeni, Sinza, Manzese, Tegeta, Tandika, Mbagala na kwengineko katika Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni, wilaya zilizozaliwa kutokana na hizo mbili. Mnunuzi hutazama hati, hugonga kuta, huangalia paa na huuliza umbali wa barabara. Kitu kimoja hukisahau, nacho kimo chini ya miguu yake: karo la majitaka.

Somo hili linakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, namna karo linavyofanya kazi. Pili, namna ya kulitunza ili lidumu. Tatu, namna ya kulikagua kabla ya fedha kutoka mkononi. Yatakayoelezwa yatawafaa pia wakaazi wa visiwani, kwa kuwa nyumba zetu nyingi za Ng'ambo na za mashamba hutegemea mashimo na makaro vivyo hivyo.

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Mabomba makuu ya majitaka ya Dar es Salaam yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakaazi wa mji, hasa wa katikati. Nyumba nyingi za pembezoni zinajitegemea: kila moja ina shimo la choo au karo lake, na uchafu wa nyumba hubaki katika kiwanja cha nyumba hadi pale gari la kunyonya litakapokuja kuuchukua.

Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na mitaa iliyokwisha jengwa kama Manzese ikatengenezewa barabara na maji. Baadaye, kuanzia mwaka 2002, ukafuata mradi wa viwanja 20,000. Kiwanja kinapopimwa huhesabiwa kwamba kitabeba jamaa mmoja na uchafu wao. Yaliyotokea baadaye yanajulikana: uani pakajengwa banda, banda likagawiwa vyumba, vyumba vikapangishwa. Watu sita wakawa ishirini, na karo likabaki lile lile.

Aidha, maji yameongezeka. Mtambo wa Ruvu Chini ulipanuliwa kutoka uwezo wa lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na ule wa Ruvu Juu, uliozinduliwa mwaka 2017, kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Hii ni neema kubwa. Lakini kila ndoo iingiayo ndani ya nyumba lazima itoke. Shimo lililochimbwa zama za kuchota maji kwa ndoo, leo linapokea maji ya choo cha kuvuta, ya bafu na ya kufulia nguo.

Wakati huo huo wakaazi wengi wanaendelea kutumia visima. Baada ya ukame wa mwaka 1997 visima vingi vilichimbwa mjini humo, na vingi vimo katika viwanja vile vile vyenye makaro. Karo likivuja, njia kutoka chooni hadi kwenye kikombe cha maji huwa fupi sana. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kiliripuka Kinondoni, kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na mwezi uliofuata kikafika Zanzibar. Kwa hivyo ubovu wa karo la nyumba moja unaweza kuvuka uzio, ukavuka mtaa, ukavuka hata bahari.

SEHEMU YA PILI: NAMNA KARO LINAVYOFANYA KAZI

Karo la namna hii lilianza Ufaransa. Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul alijenga tangi lililofungwa takriban mwaka 1860, akapata hataza yake mwaka 1881. Mtambo wa leo una sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa.

Sehemu ya kwanza ni tangi lenyewe, ambalo ndilo tutakaloliita karo. Hujengwa kwa matofali au zege, hupigwa plasta isiyopitisha maji, na aghlabu hugawiwa vyumba viwili, cha kwanza kikiwa kikubwa zaidi. Majitaka yakiingia hutulia. Vilivyo vizito huzama na kuwa tope. Mafuta, povu na vilivyo vyepesi huelea na kuwa utando. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, nayo ndiyo yanayoruhusiwa kutoka. Vijidudu wasiohitaji hewa hula sehemu ya tope na kulipunguza, lakini hawalimalizi. Ili kazi hii ifanyike, maji yapate kukaa ndani ya karo kwa muda wa siku moja kwa uchache.

Mlango wa kuingilia na wa kutokea huwekwa bomba lenye umbo la herufi T. Bomba hilo huelekeza maji chini ya utando, ili utando na tope visitoke pamoja na maji. Ni kitu kidogo cha bei nafuu, lakini likikatika, kila kilichomo ndani huelekea nje.

Sehemu ya pili ni shimo la kufyonzea. Hili halipigwi plasta. Hujengwa kwa matofali yaliyoachiwa nafasi, au hujazwa mawe, ili maji yaliyotoka katika karo yaingie ardhini polepole. Ardhi ndiyo inayomalizia kazi ya kuyasafisha. Sharti lake ni kwamba kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini pawepo udongo mkavu wa kutosha. Shimo likichimbwa mpaka likakuta maji, hapana usafishaji wowote unaofanyika. Uchafu huwa umekabidhiwa moja kwa moja kwenye maji ya visima.

Hapa ndipo tofauti ya mahali inapoonekana. Udongo wa kichanga hufyonza upesi, lakini hupitisha uchafu upesi pia. Udongo wa mfinyanzi hufyonza taratibu, na wakati wa masika hukataa kabisa. Katika mabonde, kama lile la Mto Msimbazi, maji ya ardhini hupanda mvua zinaponyesha, na karo lililokuwa jema mwezi wa Januari hufurika mwezi wa Aprili.

SEHEMU YA TATU: UTUNZAJI

Jambo la kwanza la kujua ni muda wa kunyonya. Wahandisi hukadiria kwamba kila mtu huacha takriban lita 40 za tope kwa mwaka. Tuchukue karo lenye ujazo wa lita 3,000. Watu sita wataacha lita 240 kwa mwaka. Kanuni ni kwamba karo linyonywe tope na utando vinapojaza theluthi moja, yaani lita 1,000. Kwa hesabu hiyo jamaa hao watahitaji gari baada ya miaka minne na kidogo. Nyumba hiyo hiyo ikiwa na watu ishirini, tope litakuwa lita 800 kwa mwaka, na gari litahitajika baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu. Mwenye nyumba anayeongeza wapangaji bila ya kubadili ratiba ya kunyonya anajidanganya mwenyewe.

Jambo la pili ni kupima. Chukua mti mrefu ulionyooka, uufunge kitambaa cheupe kuanzia ncha ya chini hadi kimo cha mtu. Uteremshe taratibu kupitia mfuniko mpaka uguse sakafu ya karo, uuache dakika chache, kisha uupandishe. Pale kitambaa kilipogeuka cheusi ndipo tope lilipofikia. Kwa utando, pigilia kibao kidogo kwenye ncha ya mti mwengine, ukipenyeze chini ya utando, kisha ukivute juu mpaka kizuilike. Utajua unene wake. Ikiwa maji ya karo yana kina cha sentimita 150, tope na utando kwa pamoja vikifika sentimita 50, wakati wa kunyonya umewadia. Vaa glavu, na osha mikono kwa sabuni baada ya kazi.

Jambo la tatu ni kuchunga kinachoingia. Mafuta ya kupikia, mchanga wa kusugulia sufuria, vitambaa, nepi na mifuko ya plastiki havina njia ya kuoza humo. Dawa kali za kusafishia zikimwagwa kwa wingi huua vijidudu wanaofanya kazi ya kupunguza tope. Maji ya mvua kutoka paani yasielekezwe kwenye karo hata kidogo, kwani huvuruga tope na kulisukuma kwenye shimo la kufyonzea, na shimo lililoziba kwa tope ni taabu kulirejesha.

Jambo la nne ni mbu. Mbu aina ya Culex huzaliana katika maji machafu ya mashimo na makaro, naye ndiye aenezaye matende na mabusha mijini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jaribio lilifanywa Makunduchi, Unguja: chembechembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika vyoo vya mashimo yenye maji, zikaelea na kufunika uso wa maji, huku wananchi wakipewa dawa ya ugonjwa huo. Mbu walipungua sana. Katika nyumba ya kawaida, mfuniko usio na ufa na wavu juu ya bomba la hewa hufanya kazi inayoelekea huko huko.

Jambo la tano ni nani anyonye na apeleke wapi. Tope likiondolewa linapaswa kupelekwa katika mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti. Pale ambapo gari halipiti, wapo watu waitwao vyura wanaoingia shimoni kwa ndoo, kwa ujira mdogo na hatari kubwa. Ili kazi hiyo isiendelee hivyo, pampu ya mkono iitwayo Gulper ilifanyiwa majaribio Temeke katika miaka ya 2000. Nayo huvuta tope kutoka juu bila ya mtu kuingia. Ama ule mtindo uitwao kutapisha choo, yaani kutoboa ukuta wa shimo wakati wa mvua ili uchafu uchukuliwe na maji ya mtaani, ni kumpelekea jirani maradhi mlangoni pake, na ni kosa mbele ya sheria.

Kila unaponyonya, andika tarehe, jina la mwenye gari na kiasi kilichochukuliwa, na uhifadhi stakabadhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuwa shahidi wako.

SEHEMU YA NNE: SIFA ILIYO AIBU

Kuna maneno ambayo mnunuzi husikia mara kwa mara kutoka kwa muuzaji au dalali: "Karo hili tangu lichimbwe halijawahi kujaa." Husemwa kwa fahari, na mnunuzi hufurahi akaona amepata nyumba isiyo na gharama.

Tuirejee hesabu yetu. Watu sita huacha lita 240 za tope kila mwaka. Katika miaka ishirini hizo ni lita 4,800, nazo haziwezi kuingia katika karo la lita 3,000. Kwa hivyo, kama karo halijajaa, tope limekwenda pahala pengine. Ama sakafu imepasuka na uchafu unashuka ardhini, ama karo halina sakafu tangu awali na kwa hakika ni shimo tupu lililofunikwa, ama lipo bomba la siri linalotoa uchafu kwenye mfereji wa mvua. Kila mojawapo kati ya hayo ni aibu ya nyumba, na mlipaji wa mwisho ni mwenye kisima kilicho karibu. Mnunuzi akiyasikia maneno hayo, asiyapokee kama sifa. Ayapokee kama sababu ya kufunua mfuniko.

SEHEMU YA TANO: HADHARI KABLA YA UKAGUZI

Ndani ya karo huzaliwa gesi. Moja huwaka, na nyengine, yenye harufu ya yai bovu, huua. Gesi hii ya pili ina hila: ikizidi, pua hupoteza uwezo wa kuinusa, na mtu hudhani imeondoka. Basi yafuatayo ni amri wala si ushauri:

(a) Mtu yeyote asiingie ndani ya karo, hata likiwa limenyonywa.
(b) Isiwashwe kiberiti, sigara wala taa ya moto karibu na mfuniko. Tumia tochi.
(c) Baada ya kufunua, acha hewa ipite kwanza, na usiinamishe kichwa shimoni.
(d) Mtu akitumbukia, asifuatwe. Wengi waliokufa mashimoni ni waliofuata kuokoa. Liitwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.
(e) Watoto wawekwe mbali mpaka mfuniko urudishwe.

SEHEMU YA SITA: UKAGUZI, HATUA KWA HATUA

Ukaguzi mzuri hufanywa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwani hapo ardhi imejaa maji na aibu hujifichua. Ikiwa mauziano ni wakati wa kiangazi, waulize majirani hali ya masika iliyopita. Jirani hana cha kuuza. Mchukue fundi mjenzi anayejua makaro, na ukiweza mwombe Bwana Afya wa kata afike.

Hatua ya 1: Kujua mahali. Muuzaji aoneshe karo lilipo, shimo la kufyonzea lilipo na chemba zilipo. Asiyejua karo lake liko wapi hajawahi kulitunza. Angalia kama halikujengewa banda juu yake, na kama halikuvuka mpaka kuingia kiwanja cha jirani. Yote mawili hutokea, na yote mawili huzaa kesi.

Hatua ya 2: Njia ya gari. Pima umbali kutoka mfunikoni hadi pale gari la kunyonya linapoweza kusimama, na muulize mwenye gari kama mpira wake unafika. Katika vichochoro vya Manzese au Tandika jambo hili peke yake linaweza kuamua ununuzi.

Hatua ya 3: Mfuniko. Gesi ya karo hula zege kwa chini, na nondo hupata kutu. Juu mfuniko huonekana mzima, na chini umebakia ganda. Ugongwe, kisha uinuliwe na utazamwe upande wa ndani. Mfuniko mbovu humeza mtoto.

Hatua ya 4: Kimo cha maji. Hii ndiyo hatua yenye elimu kubwa kuliko zote. Katika karo zima, maji husimama sawasawa na midomo ya bomba la kutokea. Yakiwa chini ya hapo, na karo halikunyonywa karibuni, karo linavuja. Yakiwa juu ya hapo, shimo la kufyonzea limeziba au limejaa. Wapo wauzaji wanaonyonya karo siku moja kabla ya mnunuzi kufika, na karo lililonyonywa jana haliwezi kutoa ushahidi wowote. Kwa hivyo mwambie muuzaji mapema kwamba karo lisinyonywe mpaka ulione.

Hatua ya 5: Mzigo wa maji. Mimina ndoo 20 za lita 20, yaani lita 400, kupitia chooni na bafuni kwa muda wa nusu saa, huku mtu mmoja akitazama kimo cha maji ndani ya karo kwa tochi. Kimo kitapanda kidogo kisha kitashuka. Kikipanda na kukataa kushuka, au maji yakirudi chooni, shimo la kufyonzea limekwisha.

Hatua ya 6: Kupima tope kwa mti na kitambaa, kama ilivyoelezwa, kisha kunyonya. Gharama ya kunyonya mpatane mapema. Wakati wa kunyonya, tazama bomba la kutokea: maji yakirudi kutoka shimo la kufyonzea kuingia karoni, shimo limejaa. Baada ya kunyonya, tazama kuta na sakafu kwa tochi na kioo kilichofungwa kwenye mti. Tafuta nyufa, matofali yaliyolika, na maji yanayotokeza ukutani. Hakikisha pia mabomba ya T yapo.

Hatua ya 7: Rangi. Mimina rangi ya chakula chooni pamoja na maji mengi, kisha uutazame mfereji wa mvua na ardhi iliyo kando ya nyumba siku hiyo na ya pili yake. Rangi ikitokeza mferejini, bomba la siri limepatikana.

Hatua ya 8: Kisima. Pima umbali kati ya kisima na karo, la kwako na la jirani. Kipimo kitumikacho sana ni mita 30 kwa uchache, nacho katika viwanja vingi vya uswahilini hakipatikani. Basi peleka sampuli ya maji kwenye maabara ya ubora wa maji ipimwe vijidudu vya kinyesi. Kusafika kwa macho hakutoshi.

Hatua ya 9: Nafasi ya kesho. Shimo la kufyonzea huzeeka hata likitunzwa. Jiulize: likifa, jengine litachimbwa wapi? Kiwanja kilichojengwa chote kutoka uzio hadi uzio hakina jibu la suali hili, na bei yake iwe ni ya nyumba isiyo na jibu.

SEHEMU YA SABA: SHERIA NA BEI

Nchi nyengine zimeliingiza jambo hili katika taratibu za mauziano. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, tangu mwaka 1995 karo hukaguliwa nyumba inapouzwa. Ufaransa, tangu mwaka 2011, muuzaji wa nyumba isiyounganishwa na bomba kuu la majitaka hutakiwa kumpa mnunuzi ripoti ya ukaguzi isiyozidi miaka mitatu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinakataza kuachia uchafu udhuru watu na mazingira, na mwenye nyumba mpya hurithi wajibu huo pamoja na funguo. Kwa upande wa mauziano, Sheria ya Mikataba inayotumika Tanzania Bara humpa aliyedanganywa haki ya kuubatilisha mkataba. Lakini ina sharti linalowahusu wanunuzi wote: mtu aliyeingizwa katika mkataba kwa ukimya wa hila wa mwenzake hapati nafuu hiyo ikiwa alikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa maneno mengine, ambaye hakufunua mfuniko huenda akaulizwa mahakamani kwa nini hakuufunua.

Kwa hivyo yaliyoonekana katika ukaguzi yaandikwe. Mkataba wa maandishi ueleze mahali karo lilipo, tarehe ya kunyonywa mara ya mwisho na hali iliyoonekana. Muuzaji atamke ndani yake kwamba hapana bomba liendalo kwenye mfereji. Kama kuna ubovu, mpatane mojawapo kati ya matatu: muuzaji atengeneze kabla ya malipo, au bei ipunguzwe kwa kiasi cha matengenezo kilichokadiriwa na fundi, au sehemu ya fedha ibaki kwa wakili mpaka kazi ikamilike. Muuzaji mkweli hapati hasara kwa hayo, chema chajiuza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Karo lina ujazo wa lita 3,000 na nyumba ina watu kumi. Gari la kunyonya litahitajika baada ya muda gani?
2. Maji ya karo yamesimama chini ya bomba la kutokea, na halijanyonywa mwaka mzima. Hiyo ni dalili ya nini?
3. Kwa nini mnunuzi aombe karo lisinyonywe kabla ya yeye kuliona?
4. Mtu ametumbukia karoni. Taja jambo la kwanza la kufanya na jambo lisilofanywa kabisa.

Majibu yote yamo ndani ya somo. Wazazi na walimu wa skuli wanaombwa kuwasomea vijana sehemu ya tano hasa. Na mwananchi anayejiandaa kuvuka kwenda kulipia nyumba Temeke au Kinondoni anashauriwa auchukue ukurasa huu pamoja na tochi, mti mrefu na kitambaa cheupe, na fedha aziache benki mpaka hatua ya tisa iishe.